Mutu wa Kiti cha Kuume

Jambo hili lote liligharimu karatasi themanini na saba za kaye, yaani daftari, na jina la mutu mumoja. Karatasi nilizihesabu mara mbili: kwanza nilihesabu zile tisa zilizobaki ndani ya jalada, halafu nikazitoa katika tisini na sita ambazo kaye ile ilikuwa nazo ilipotoka dukani. Hesabu ilikubali. Jina halikuhitaji hesabu, lilikuwa moja. Anayetafuta maandishi ya mwanamke mpole afunge hapa, aende zake salama. Mimi ninauza vipuri vya magari, kwetu pyese, hapa Goma, huu ni mwaka wa thelathini na moja. Upole niliuweka kwenye rafu moja na rejeta zilizotoboka, na hakuna mteja aliyewahi kuniuliza bei yake.

Mutu mwenyewe tulimwita Kopilote. Katika mashindano ya magari, kopilote ni yule anayekaa pembeni ya shoferi na kumsomea barabara kutoka kwenye kaye: mbele kuna kona ya namna gani, inafunga ao inafunguka, kuna mayi, kuna daraja. Shoferi haangalii mbali, anasikiliza. Wakati wa Zaïre kulikuwa na rali moja ndefu iliyokata Afrika ikipita kwetu, na huyu wetu alikaa kwenye kile kiti. Cha kuume. Miaka yote niliyomjua, na ni mingi kuliko ya ndoa yangu, hakukubali kukaa kwingine.

Gari hakujua kuendesha. Watu wakisikia hivyo wanacheka, na mimi nilicheka, halafu nikamuuliza kama kweli hajawahi kushika usukani. Akasema aliushika mara moja, kwenye uwanja wa mpira, akaona ni kazi ya mikono tu. Pikipiki hakupanda kabisa. Vijana wa moto, ndivyo tunavyoita pikipiki, walimwita kutoka Keshero alikokaa hadi mjini, papa panda, papa tuende, naye aliwajibu kwamba chombo chao hakina kiti cha kuume. Basi alikuja dukani kwangu kwa miguu, juu ya yale mawe meusi ya volkano yanayokula viatu, kila asubuhi, na alifika kabla sijafungua. Sikumbuki siku ambayo nilimtangulia. Alikaa upande wa kuume wa mlango, juu ya rimu ya kamio, gari la mizigo, na kama mutu mwingine ameketi pale alisimama mbele yake bila neno mpaka mutu yule akaona haya.

Akipanda teksi ilikuwa matata. Lazima akae mbele, na akishakaa anaanza kusoma barabara kwa sauti, bila kaye, kutoka kichwani. Gauche nne. Mita hamsini, shimo upande wako. Droite mbili, inafunga. Shoferi mumoja alivumilia mpaka kwenye rond-point, ule mzunguko wa barabara, kisha akamwambia, "Papa, hii njia niko naipita kila siku ya Mungu."

"Njo maana huiangalii," akajibu Kopilote.

Akashushwa. Alimaliza safari kwa miguu, na alinisimulia mambo hayo akiwa na furaha kama mutu aliyeshinda kesi.

Kwenye kaye yake kila kona ilikuwa na namba, moja kwa kona kali hadi sita kwa ile ambayo haihitaji breki, na herufi za Kifaransa, G kwa kushoto na D kwa kuume. Lakini alama ya maana kuliko zote ilikuwa B. Msomaji wa mbali anisikilize vizuri hapa. Watu wa pwani wanasema bongo wakitaka kusema akili, zile za kichwani. Kwetu bongo ni uongo, na mubongo ni mutu mwenye kuusema. Kona inayoonekana wazi, unaiingia kwa mwendo, halafu inajifunga mbele yako kama mlango wa ofisi saa sita, Kopilote aliiandikia B. Kona mbaya kabisa aliandika neno zima, Bongo, na akalipigia mstari chini. Alisema kona kali haiui watu, kwa sababu kila mutu anaiona. Inayoua ni ile yenye uso wa wema.

Alama ile hakuiacha barabarani. Siku moja alikuja dukani bwana mumoja na sanduku la rulema, zile chuma za kuzungusha magurudumu, mpya, zinang'aa, bei ya chini, na maneno matamu mengi. Kopilote alisikiliza akiwa pale mlangoni. Bwana alipomaliza, nikamsikia mzee wangu akisema polepole, kama anasoma: "Gauche tano, gauche tano, gauche tano, B." Sikumsikiliza, maana bei ilinipendeza. Nusu ya rulema zile zilikuwa za zamani, zimesuguliwa na kupakwa mafuta. Kesho yake alikaa juu ya rimu, miguu juu ya sanduku lile, na hilo liliniumiza kuliko hasara.

Redio ilipotangaza kwamba barabara ya Rutshuru imefunguliwa, alisema B. Wakubwa walipokuja na msafara kuwaambia watu wa makambi ya wakimbizi kwamba watarudi nyumbani kabla ya mvua, alisema B mbili. Kwa padri wetu alisema D sita, nyoosha, na huyo ndiye mutu pekee niliyesikia akipewa alama hiyo.

Sasa niseme juu ya rali yenyewe, kwa sababu walioandika habari zake waliiona wakiwa kwenye hoteli. Kopilote alinisimulia vipande vipande, na kila kipande nilikiuliza tena baada ya mwaka ao miaka miwili, ili nione kama kitabadilika. Hakikubadilika.

Majuma mawili kabla ya magari kufika, katapila zilionekana. Mashimo ambayo wakulima wa Rutshuru waliyalilia miaka na miaka yalizibwa ndani ya siku nane. Masoko yalifungwa siku tatu, Kiwanja na kwingine, ili mbuzi na mama wenye maharagi wasiharibu mbio za wageni. Maharagi yanaweza kungoja. Nyanya haziwezi, lakini nyanya hazikuulizwa. Magari yakapita, vumbi likatua, katapila zikarudi zilikotoka, na mvua ya kwanza ikafungua mashimo yale yale. Kopilote aliona hivyo mwaka mmoja, akaona mwaka wa pili, akaona wa tatu. "Ile barabara ilikuwa na afya siku tatu kwa mwaka," aliniambia. "Sawa na mugonjwa mwenye kuvalishwa shati safi sababu daktari anapita."

Kule juu Kanyabayonga, kwenye matope, gari lao lilizama hadi milango. Watu wa kijiji walilitoa kwa kamba na kwa mabega, saa mbili nzima, na mzee mumoja akavunjika kidole. Kwenye habari za rali imeandikwa kwamba gari lilijinasua. Nilimuuliza ni watu wangapi. Ishirini na wanne. Nilimuuliza tena baada ya miaka mitatu, nikiwa nimegeuza swali kidogo. Ishirini na wanne, akasema, na akanitazama kama mutu aliyejua ninapima mizani yake.

Shoferi wake alikuwa muzungu mwenye shamba la kahawa, mutu mwenye mkono mzuri, mimi sisemi hapana. Mutu aliyeandikishwa rasmi kama kopilote alikuwa shemeji yake. Shemeji huyo alisafiri katika gari siku ya kwanza, akatapika, akashuka hapa Goma na kubaki ziwani na kofia ya majani. Makaratasi yote yalikuwa na jina lake, leseni ya mashindano ilikuwa na jina lake, na sheria haikuruhusu kubadilisha. Basi walimtia garini karani wa shamba aliyejua kila njia ya kahawa kuanzia Rumangabo hadi kule juu, na ambaye mwezi mzima alikuwa amezitembea kwa miguu akiandika kona kwenye kaye. Huyo karani ndiye Kopilote. Kwa wakubwa wa rali alikuwa shemeji. Nilimuuliza walimwona namna gani shemeji amekuwa mweusi ghafla. Akasema hakuna aliyetazama, gari lilikuwa na matope.

Walimaliza wa nne, na hata wa nne alipewa kombe. Shemeji alipanda jukwaani akiwa ameungua jua. Kopilote alipewa kofia yenye namba ya gari, na kwa miaka aliitumia kushikia sufuria ya moto. Mambo ya rali aliyachukia yote, na yote aliyajua kwa sekunde. Ukimuuliza leo kona ya tatu baada ya mto fulani atakujibu kabla hujafunga kinywa, halafu atatema mate.

Kitu kimoja tu kilionyesha kwamba ni yeye. Kwenye kituo cha Kiwanja, pale ambapo magari yalisimama ili saa yao iandikwe, mvua ilikuwa imeilowesha kadi ya saa mpaka haiandikiki. Mwandishi wa kituo, mwalimu wa shule mwenye miwani na asiyependa mchezo, akachukua kaye, akageuza karatasi moja, na nyuma yake akaandika namba ya gari, saa na dakika. Halafu akainama dirishani na kumuuliza aliyeketi kuume: "Unaitwa nani?" Kopilote akasema jina lake. Lake mwenyewe, siyo la shemeji. Mwalimu akaliandika lote, la kwanza na la mwisho, akapiga stempu, muhuri wa kituo. Karatasi moja katika tisini na sita.

Halafu zikaja vita, na nyinyi mnazijua. Watu wa Rwanda walipomiminika hapa kwa mamia ya maelfu, na kipindupindu nyuma yao, mji ulishikwa koo na njia ya kaskazini ikawa ya kubahatisha. Baada ya hapo kila vita ilikuja na jina jipya na herufi mpya, juu ya barabara ile ile. Na ndipo tukagundua kitu ambacho hakuna jenerali aliyekijua. Rali haikupita barabara kubwa peke yake. Ilipenda vichochoro vya mashamba, nyuma ya kahawa, juu ya vilima, njia ambazo hazimo kwenye ramani yoyote. Zilikuwa kwenye kaye ya Kopilote, kona kwa kona, mita kwa mita.

Wa kwanza kuomba alikuwa shoferi wa kamio ya maharagi, ambaye mke wake alibaki upande wa pili wa vita. Kopilote alichukua rula, akakata karatasi ile taratibu, akamwambia, "Nakuazima, sikupi." Maneno hayo aliyarudia kwa kila mutu. Mara themanini na saba. Hakuna hata mumoja aliyerudisha. Wengine kwa sababu ambayo siwezi kuwalaumu, kwa kuwa hawakurudi wao wenyewe. Wengine walifika, wakashukuru Mungu, wakasahau aliyewasomea njia. Mama mumoja ninamjua, ana duka la vitenge Butembo, ana nyumba ya ghorofa, na karatasi yetu sijui kama aliwashia moto ao alifungia karanga. Nikimwona nitamuuliza mbele ya wateja.

Nilimwambia Kopilote apige fotokopi. Nilimwambia zaidi ya mara mbili. Alikataa. Alisema mutu akipewa kopi anaisoma kama gazeti, lakini akijua kwamba iko moja tu duniani anaisoma kama mutu anayetaka kufika. Pale alikosea, na ninaandika hapa kwamba alikosea, maana makosa ya mutu mwema ndiyo yanayomgharimu zaidi.

Yangu ilikuwa ya themanini na tatu. Mwaka ule wapiganaji waliposhuka hadi Kiwanja, mama yangu alikuwa kule kwa dada yangu. Simu ilikatika siku ya pili. Siku ya tatu nilikwenda kwa Kopilote asubuhi, naye alikuwa tayari na rula. Alinipa karatasi ya vichochoro kati ya Rumangabo na Kiwanja. Alifikiri kidogo akiwa ameishika, akaigeuza, akaigeuza tena. Sikujua alikuwa anatazama nini. Nilikuwa na haraka.

Shoferi wangu ni mutu wa milima ya Masisi, hasemi sana. Mimi nilikaa kuume nikasoma. Mwanzoni nilisoma vibaya, nikiruka mistari, mpaka shoferi akasimamisha kamio na kuniambia niache kulia kwanza. Nilikuwa sijui kama ninalia. Nikaanza upya. G tatu, mita themanini, D mbili. Kahawa ilikuwa imegeuka pori, lakini kona zilikuwa pale pale alipoziacha, kila moja. Tulifika mahali ambapo njia ilinyooka, nzuri, majani yamelala, na shoferi akaongeza mwendo. Kwenye karatasi kulikuwa na neno zima, lenye mstari chini. Nikapiga kelele "Bongo!" naye akakanyaga breki mpaka mizigo ikatupiga migongoni. Baada ya majani yale njia ilikatika, na daraja lilikuwa na miti miwili tu. Tulivuka kwa mwendo wa mutu anayebeba mayai.

Nilimtoa mama. Nilimtoa dada na watoto wake wawili, na majirani watatu ambao sikuweza kuwaacha wamesimama. Saba. Niliwahesabu mara mbili, mara ya pili kwa kugusa vichwa.

Wakati wa kurudi, mwisho wa kichochoro, tulikuta baryeri: kamba juu ya njia, na askari. Wa jeshi gani sikuuliza, wakati ule mutu hakuuliza. Alipekua kamio, akanipekua mimi, akatoa karatasi. G3, D2, B, 200, G1. Uso wake ukabadilika.

"Hii ni kode ya siri ya nani?"

Nikamwambia mimi ni muuza vipuri, hizo ni pine, matairi ya wateja. G ni za kushoto, D ni za kuume.

"Gari gani iko na pine tatu za kushoto?"

"Kamio, chef, mkubwa wangu. Unaiona hii."

Akahesabu pine za kamio. Alihesabu kweli, akizunguka, na mimi nikamshukuru Mungu kwamba nyuma, upande wa kushoto, pine zilikuwa mbili pamoja. Nilidhani tumepona. Halafu akageuza karatasi akaona stempu. Namba zilikuwa zimemchokoza tu; stempu ilimtia woga. Stempu ni serikali, ni upelelezi, ni watu kupotea. Akauliza ni ya ofisi gani, na hilo jina la mutu hapo chini ni la nani. Mama yangu alikuwa ameketi juu ya mizigo, amemshika mutoto wa dada miguu. Na mimi, ambaye maisha yangu yote nimekula kwa kujua bei ya kitu, nikasema:

"Chukua tu, chef. Hiyo karatasi haina kazi. Na hilo jina si la mutu."

Akaichoma kwa kiberiti chake, akangoja iishe, akafungua kamba.

Nilimwambia Kopilote kwamba mvua ililowesha karatasi ikaharibika. Alinitazama sana. Hakusema alama yoyote. Aliuliza kama mama amefika, nikasema amefika, akasema basi vizuri, akakaa juu ya rimu yake.

Miaka minne baadaye akaja mutafiti. Muzungu wa makamo, mutu wa heshima, anaandika historia ya rali ile kwa niaba ya wapenzi wa magari ya zamani huko kwao. Alikuwa na picha: gari letu kwenye matope, na nyuma ya kioo, kuume, uso wa mutu mweusi unaoonekana nusu. Chini ya picha hapakuwa na jina. Alikuwa na mkalimani, dada mumoja kutoka pwani, Kiswahili chake safi kama shuka la hoteli. Walimpata Kopilote, naye akawaleta moja kwa moja dukani kwangu. Sijawahi kumwona amevaa koti siku nyingine. Akasimama mbele ya wageni, akaninyooshea mkono, akasema, "Mama Pyese, toa ile karatasi. Najua uliificha vizuri."

Alidhani mvua ilikuwa bongo yangu ya kuitunza. Alidhani nimeipenda kiasi cha kuificha. Ilibidi niseme pale pale, mbele ya watu wale, kwamba imechomwa, na nani aliichoma, na mimi nilisema nini. Nilisema yote, hata lile neno la mwisho. Kopilote alivua koti akalikunja.

Mutafiti akaomba kuona kilichobaki. Ilikuwa jalada na karatasi tisa. Akafungua ya kwanza, akaona mwisho wa mstari: Bongo. Akafungua ya pili: Bongo, na mstari chini. Ya tano, Bongo. Macho yake yakawaka. Alidhani amepata sahihi ya mwenye kaye. Akamwelekea Kopilote akitabasamu na kumnyooshea kidole kifuani, "Bongo? Wewe?"

Kopilote akatikisa kichwa. "Hapana. Bongo ni uongo."

Na yule dada wa pwani, ambaye hakuwa na nia mbaya, maana nimemfikiria mara nyingi na hakuwa nayo, akatafsiri alichosikia: mzee anasema Bongo ni uongo. Mutafiti aliacha kutabasamu. Alielewa kwamba mzee amekiri. Kwamba lile jina ni la mzaha, habari ya kiti cha kuume ni ya kubuni, na yeye alikuwa mumoja wa waliosukuma gari kwenye matope. Nilijaribu kueleza, nikachora kona juu ya boksi la filta, dada akasema lakini mama, bongo ni akili, au labda ni jina la utani. Kopilote akaanza kupaza sauti kwa Kifaransa cha shamba, na mutu anayepaza sauti hasikiki. Mutafiti aliandika mistari mitatu, akashukuru watu wote, akanunua kwangu taa ya gari ambayo hakuihitaji. Hakubishana bei. Nilijua tumeshindwa.

Nimekasirika tangu siku ile, na sijui hasira hii nimpelekee nani. Askari aliogopa. Dada alitafsiri. Shemeji alikufa akiwa na kombe. Kila mumoja ukimshika peke yake ana maneno, hata mimi ninayo, nina vichwa saba. Lakini ukijumlisha, mutu mumoja aliyesomea watu njia maisha yake yote hayuko popote. Nimejumlisha mara mbili.

Vita ilipoingia tena mjini, benki zikafunga, duka nikalifunga. Kopilote hakuja majuma sita. Alikuwa ameanza kuumwa miguu. Asubuhi moja ya Jumapili, baada ya misa, nikaenda Keshero kwa miguu, kwa heshima ya miguu yake. Nilimkuta uani kwa binti yake, mahali ambapo ziwa linaonekana kati ya nyumba mbili, amekaa kwenye benchi upande wa kuume. Alikuwa na barua ya yule mutafiti. Ilipitia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, mikononi mwa watu wanne, na bado ilikuwa imefungwa vizuri.

Akanisomea mwenyewe, kwa ile sauti ya zamani, bila kunitazama. Kitabu kiko tayari. Picha ya matope itakuwemo, ukurasa mzima. Chini yake wataandika: "Bongo, kijana wa kusukuma gari, kwa maelezo yake mwenyewe." Kama anakubali, asaini karatasi hii irudi kabla ya mwisho wa mwezi. Asiposaini, wataheshimu, wataondoa picha na kuweka ya gari peke yake.

"Kijana wa kusukuma," nikasema. "Wewe mwenye miaka thelathini wakati ule."

"Na mezi tatu."

Binti yake alileta chai akarudi ndani. Nilimwuliza kama tunaweza kuandika tena, kueleza, nikasema nitalipa mutu wa Kifaransa kizuri. Akasema tangu mutafiti aondoke amekwisha kuandika mara mbili, na barua hii ndiyo jibu, lile lile. Nilimwambia basi achane nao. Akanionyesha ile picha, kopi ndogo waliyoiweka ndani ya bahasha. Uso wake nyuma ya kioo, nusu. Kinywa kimefunguka, kinasoma. Macho yako mbele kabisa, mbali kuliko ya shoferi. Wajukuu wake hawana picha nyingine yake ya ujana. Zote zilibaki chini ya lava pamoja na nyumba.

"Nikisaini," akasema, "uso unabaki, na jina la uongo. Nikikataa, hapana uongo, na hapana uso. Mimi kona yote nilijua namna ya kuandika. Hii sijue."

Akaiweka karatasi juu ya goti langu, na kalamu juu yake.

"Weye uliambia ule askari kama jina langu si la mutu. Sikukukasirikia, sababu mama alifika. Lakini karatasi nilikuazima, sikukupa. Sasa unirudishie kwa neno moja. Weye unajua bei ya bintu byote. Uniambie, Mama Pyese: nisaini, ao niache?"